Madoa Meusi Usoni: Mwongozo Kamili Kutoka Kaunta ya Kemisti, Kisumu

Mteja wa madoa namjua kwa mwendo kabla hata sijamtazama uso. Huingia, akanunua Panadol mbili ambazo hana haja nazo, akajifanya anasoma bango la chandarua ukutani mpaka mama aliyekuja na mtoto atoke. Ndipo husogea kwenye kaunta na kushusha sauti: "Daktari, huu uso wangu una dawa?"

Mimi si daktari, ingawa hapa Kondele kila anayesimama nyuma ya kaunta ya kemisti huitwa hivyo. Ni mtu wa dawa tu. Na kabla sijagusa rafu yoyote, humuuliza: sasa hivi unapaka nini? Mara nyingi jibu ndilo linalomletea madoa yenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na dawa. Dawa zipo, na nitazitaja kwa majina na asilimia, lakini zinakuja mwishoni, baada ya mambo ambayo watu wengi huyaruka. Ukiyaruka, mwezi wa tatu utakuwa umemaliza pesa na doa liko palepale.

Jambo jingine tulimalize mapema. Lengo hapa ni uso urudie rangi yako, ile unayoiona upande wa ndani wa mkono wako, juu ya kiwiko, mahali jua halifiki. Si kuwa mweupe. Dawa ya kufifisha doa na dawa ya kuahidi weupe ni vitu viwili, hata kama huuzwa kwenye meza moja sokoni na makopo yao yamebandikwa picha ya mwanamke yuleyule.

Kwanza ujue doa lako ni doa gani

Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi inayoitwa melanini. Ngozi ikichokozwa na chunusi, moto, mkwaruzo au mwasho wa muda mrefu, seli hizo hutoa rangi kupita kiasi. Kidonda hupona, rangi ikabaki. Ngozi yetu ina uwezo mkubwa wa kutengeneza rangi, na ndiyo sababu chunusi ambayo kwa Mzungu ingeacha wekundu wa wiki chache, kwetu huacha alama ya miezi.

Rangi ikikaa tabaka la juu, doa huonekana la kahawia au jeusi la kawaida, na huondoka polepole kadiri ngozi inavyojibadilisha, kazi inayochukua takriban wiki 4 kila mzunguko. Ikizama tabaka la chini, doa huwa la kijivu au lenye usamawati, na hapo hakuna kinachoisukuma nje. Fikiria masizi kwenye ukuta wa udongo. Yaliyo juu mama hukandika yakapotea, lakini yaliyoingia ndani ya udongo wenyewe utayaona kila ukikwangua.

Basi chukua kioo, kaa karibu na dirisha asubuhi, taa ikiwa imezimwa. Piga picha tatu: mbele, kushoto, kulia. Kumbuka dirisha hilo na saa hiyo, maana picha zijazo utazipiga hapohapo. Bila picha utajidanganya, ama kwa matumaini ama kwa kukata tamaa.

Ukiona alama ndogondogo bapa, kila moja mahali ambapo chunusi au kipele kilikaa, hayo ni madoa ya baada ya mchokozo. Ndiyo mengi, na ndiyo yenye tiba nyepesi kuliko yote.

Ukiona kitu kama ramani, kimetanda mashavuni pande zote mbili, pengine na juu ya mdomo na kwenye paji la uso, huenda ni melasma. Wengi huipata wakati wa ujauzito, wengine baada ya kuanza vidonge, sindano au kijiti cha kupanga uzazi. Jua huichochea kuliko kitu kingine chochote. Melasma hufifia, lakini ina tabia ya kurudi.

Vipele vidogo vyeusi vilivyoinuka kama punje za wimbi, vinavyoongezeka na umri kwenye mashavu na karibu na macho, ambavyo hata mama na shangazi wanavyo, si madoa. Ni vya kurithi na havina madhara. Hakuna krimu duniani inayoviondoa. Daktari huvichoma kwa umeme mdogo au kuvikata. Watu wamenichosha kwa kutaka niwauzie dawa ya hivi vipele, na kila mara nikikataa wananiona sina bidhaa.

Shingo, kwapa au pembeni mwa uso pakigeuka peusi na pazito kama kitambaa cha mahameli, tatizo mara nyingi liko kwenye damu: mwili haupokei insulini vizuri. Usinunue krimu, nenda ukapimwe sukari.

Na kuna ule weusi wa samawati unaotanda mashavuni, wakati mwingine na vipunje kama mayai ya samaki ukipapasa, kwa mtu aliyejichubua miaka mingi. Huitwa okronosisi. Huletwa na haidrokwinoni, dawa ileile aliyokuwa akipaka ili awe mweupe, naye akiona weusi unazidi huongeza kipimo.

Doa moja jipya linalokua haraka, lenye rangi zaidi ya moja, linalotoka damu, au kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, halina mahali katika mwongozo huu. Nenda hospitali. Vivyo hivyo baka lolote, jeusi au jeupe, lililokufa ganzi, yaani ukiligusa hakuna unachohisi.

Hatua ya kwanza: toa vitu, usiongeze

Leta mezani kila kitu kinachogusa uso wako: sabuni, mafuta, krimu, skrabu, mafuta ya nywele, hata lile kopo lisilo na jina ulilopewa na rafiki. Sasa soma lebo. Maneno ninayotaka uyatafute nimeyaandika kama yanavyochapishwa kwenye paketi, ili uweze kuyalinganisha herufi kwa herufi.

Clobetasol, betamethasone, fluocinonide: hizi ni steroidi kali, dawa za kutuliza mwasho na uvimbe. Hydroquinone: ndiyo haidrokwinoni. Mercury, calomel, mercurous chloride, mercuric iodide, ammoniated mercury: yote hayo ni zebaki. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, haliruhusu chochote kati ya hivi kwenye vipodozi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, nao mwanzoni uliweka kikomo cha zebaki kwenye krimu na sabuni za kuchubua kuwa sehemu 1 tu katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Lakini makopo hayo yapo, na mengine hayaandiki kilichomo. Kopo lisilo na orodha ya viambato lichukulie kuwa na hatia. Zebaki huharibu figo, hupita kwa mtoto aliye tumboni, na huhamia kwa wengine nyumbani kupitia taulo na mashuka.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu sisi wenye kemisti. Kuna vile vityubu vidogo vya bei rahisi vyenye mseto wa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki. Mtu akija na kipele, choa, upele wa mtoto au mwasho asioujua, anauziwa tyubu hiyohiyo. Siku tatu mwasho umeisha, uso unang'aa, na mteja anaendelea kupaka miezi sita. Ngozi inakonda, vishipa vinaanza kuonekana, chunusi zinafumuka, nywele zinaota usoni. Tuna mkono wetu hapo, na sioni sababu ya kuficha.

Kama umepaka steroidi usoni kwa wiki chache tu, acha. Kama ni miezi au miaka, usiache ghafla peke yako. Uso unaweza kuwaka moto, ukavimba, ukawasha na kutoa vipele kwa wiki kadhaa, na wengi wakifika hapo hukimbilia tyubu tena. Muone daktari akupangie namna ya kupunguza taratibu. Dada mmoja alinirudia mara tatu ndani ya mwezi mmoja kununua ile ile, akilia, akisema bila hiyo uso wake hauvumiliki. Huo si uso unaohitaji dawa hiyo. Ni uso uliozoeshwa.

Ondoa pia skrabu zenye punje, jiwe la kusugulia, na neti ya kuogea usoni. Doa si uchafu. Kulisugua ni kulichokoza, na ukilichokoza linatengeneza rangi zaidi.

Na ya jikoni? Limau ni baya kuliko yote: ukipaka maji yake kisha ukatoka juani, unaweza kupata malengelenge na madoa meusi kuliko uliyokuwa nayo. Magadi, ambayo huku kwetu hulainisha mboga za kienyeji vizuri sana, huivuruga ngozi vibaya. Dawa ya meno hukausha na kuunguza, kitunguu saumu huchoma. Tango na nyanya hazidhuru, zinapoza tu, ila ni heri uzile kwenye kachumbari. Alovera ya ndani, ile ute mweupe, inatuliza. Ule utomvu wa njano karibu na ganda huwasha, uuoshe kwanza. Kuhusu kunywa maji lita tatu kwa siku ili madoa yaishe: kunywa maji ukiwa na kiu. Madoa hayaoshwi kutoka ndani.

Hatua ya pili: zima kinachochoma

Doa ni majivu. Kama moto bado unawaka, utazoa majivu kila siku na kesho yake yatakuwepo.

Kwa wengi moto ni chunusi. Jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 huua bakteria wa chunusi na hupatikana kemisti bila shida. Anza na 2.5, maana kali zaidi huchokoza bila kuponya zaidi. Tahadhari: hufubaza nguo, kwa hiyo usilalie leso unayoipenda. Adapalini ya asilimia 0.1, inayopakwa usiku, huzuia vinyweleo visizibe na wakati huohuo husaidia madoa; nitairudia baadaye. Ukiwa na chunusi kubwa za ndani zinazouma na kuacha mashimo, usipoteze wakati na jeli. Hizo zinahitaji daktari mapema.

Usitumbue. Najua kila mtu anasema hivyo na kila mtu anatumbua. Hesabu tu hivi: chunusi isiyoguswa huisha kwa siku chache, iliyotumbuliwa huacha alama ya miezi.

Kama chunusi zimepanga mstari kwenye paji la uso, angalia mafuta ya nywele na wigi kabla ya kuangalia kitu kingine. Pomedi nzito hushuka na jasho na kuziba vinyweleo.

Wanaume, moto wenu uko kwenye ndevu. Nywele zetu zilizojikunja zikikatwa chini kabisa hurudi ndani ya ngozi, zinafanya vipele, na kidevu kinakuwa cheusi. Halafu kinyozi akimaliza anakusugua kwa skrabu, anakukanda kwa taulo la moto, anamalizia na spiriti mpaka macho yanatoa machozi, na wewe unaona umehudumiwa. Mwambie apunguze kwa mashine akiacha milimita 1 hivi, asitumie wembe, na aache skrabu na spiriti. Atashangaa. Mlipe bei ileile, hatakuwa na neno.

Msimu wa mvua kuna wale wadudu wembamba wa rangi ya chungwa na nyeusi, inzi wa Nairobi kama wengi wanavyomwita. Hang'ati, maji ya mwili wake ndiyo huunguza. Akikutua usoni mpulize, usimpondeponde. Ukishamponda, osha haraka kwa sabuni na maji mengi, na mikono pia, usije ukaihamishia sumu jichoni.

Kama moto ni dawa ya kupanga uzazi, usiache sindano au kuchomoa kijiti kwa hasira. Rudi kliniki, eleza, uulizie njia isiyo na homoni. Melasma ya mimba yenyewe mara nyingi hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Hatua ya tatu: jua, na hapa sitafupisha

Ningekuwa na nafasi ya kuuza kitu kimoja tu kwa mtu mwenye madoa, ningeuza kinga ya jua na kofia. Dawa zote nitakazotaja chini hushindwa na jua la wiki moja.

Watu hubisha: sisi ni weusi, jua ni letu. Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga yake na haiungui upesi. Lakini kinga hiyohiyo hufanya kazi kwa kutengeneza rangi, na mahali penye doa seli tayari zimeamka. Jua likipiga uso mzima, doa ndilo huongeza rangi kwanza. Na mwanga wenyewe tunaouona kwa macho, si ile miale ya urujuanimno peke yake, huichochea ngozi nyeusi kutoa rangi.

Kisha tazama tunakoishi. Bango la Ikweta liko pale Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban mita 1,850, Eldoret inapita 2,000. Kila mita 1,000 unayopanda, nguvu ya miale huongezeka kwa karibu asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Ndiyo maana watu wa Nakuru hudanganyika: upepo ni baridi, wamevaa sweta, na uso unapigwa kuliko wetu wa huku chini tunaolalamika joto. Mawingu nayo hayazuii miale yote.

Sasa kununua hiyo kinga ya jua ya kupaka, yaani sanskrini. Tafuta namba ya SPF, kipimo cha nguvu ya kinga, iwe 30 au zaidi. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, SPF 50 karibu 98, kwa hiyo usijinyime chakula kwa ajili ya 50. Tafuta maneno broad spectrum, au herufi UVA ndani ya duara, maana yake inakinga aina zote mbili za miale. Kwa melasma, na kwa ngozi nyeusi kwa jumla, sanskrini bora ni yenye rangi ya kahawia, ambayo kwenye viambato imeandikwa iron oxides. Hiyo huzuia pia ule mwanga wa kawaida, na faida ya pili ni kwamba haikuachi kijivu kama aliyetoka kinu cha kusaga unga. Malalamiko ya ukijivu ndiyo yanayofanya wengi waache, na wana haki. Jaribu tone moja kwenye taya, mlangoni, kwenye mwanga wa nje, kabla ya kulipa.

Kupaka: chora mstari wa sanskrini kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, urefu wote wa vidole. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Wengi hupaka robo yake na kusema haifanyi kazi. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, na ukiwa nje rudia kila saa 2, na mara baada ya kutoka jasho jingi. Usiiweke dirishani wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, itaharibika kabla ya tarehe yake.

Bei najua. Tyubu nzuri ni pesa, na kwa kipimo cha vidole viwili haikawii kuisha. Kama haiwezekani, kivuli si tiba ya maskini. Ni kinga halisi. Kofia ya ukingo mpana inayozunguka kichwa chote, si kepu ya kufunika paji peke yake. Mwavuli. Leso kichwani ikivutwa mbele kama wanavyofanya kina mama wa Kibuye siku ya soko. Kama unaanika omena Dunga au unaendesha boda mchana kutwa, kofia ni lazima hata ukiwa na sanskrini, kwa sababu hakuna anayesimamisha boda kila saa 2 ajipake. Ukiwa na kidogo, paka mashavu, pua na juu ya mdomo, halafu kofia ifanye iliyobaki.

Mwenye ualbino ana hesabu tofauti kabisa, na asitumie dawa yoyote ya kufifisha. Kwake sanskrini ni dawa ya kuokoa maisha, na kuna mpango wa serikali wa kuitoa bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulizia hospitali ya kaunti.

Hatua ya nne: wiki mbili za uso mtupu

Kabla ya dawa, ipe ngozi yako wiki 2 za kupumua. Osha uso mara mbili kwa siku, kwa vidole, maji ya kawaida, sabuni laini isiyo na manukato. Sabuni ya kipande ya kufulia na zile za dawa zenye harufu kali huacha ngozi imekakamaa, na ngozi iliyokakamaa ni ngozi iliyochokozwa. Baada ya kuosha paka mafuta ukiwa bado na unyevu: losheni isiyo na harufu, au jeli ya petroli kidogo kama ngozi yako ni kavu. Asubuhi malizia na sanskrini. Basi.

Mara kadhaa watu wamenirudia baada ya wiki hizi mbili hawataki tena dawa.

Hatua ya tano: dawa, moja baada ya nyingine

Jaribu kila kipya kwanza nyuma ya sikio au kwenye taya, usiku, kwa siku 3 hadi 5. Kikichoma na kuwasha, kirudishe. Na usianze viwili wiki moja, maana uso ukifumuka hutajua wa kulaumu.

Ninayoanza nayo mimi ni asidi azelaiki, asilimia 10 hadi 20. Kwenye tyubu imeandikwa azelaic acid. Hupunguza chunusi, hupunguza utengenezaji wa rangi pale inapozidi, haichubui ngozi nzima, na mjamzito anaweza kuitumia. Huchoma kidogo au kuwasha siku za mwanzo. Paka usiku mmoja, ruka mmoja, kwa wiki 2. Ukivumilia, kila usiku. Baadaye asubuhi na usiku. Haipatikani kila kemisti. Itabidi uulizie zile kubwa za mjini, au uagize.

Kama bei au upatikanaji unakushinda, niasinamidi ya asilimia 4 au 5 ni mbadala mpole. Haina haraka, lakini karibu kila ngozi huikubali. Sirimu zake, vile vimiminika vyepesi vya kupaka, zenye asilimia 10 na kuendelea huuzwa kwa makelele zaidi kuliko faida. Vitamini C nayo husaidia ikiwa mpya. Ikishageuka rangi ya chai ya rangi, imekufa, itupe.

Baada ya wiki 6 hadi 8, kama madoa yamekaza, ongeza adapalini ile ya 0.1. Kiasi cha punje ya kunde kwa uso mzima, si kwa kila doa. Usiku tu, uso ukiwa mkavu, mara 2 kwa wiki kwa kuanzia. Utabanduka kidogo, utahisi ukavu. Paka losheni juu yake. Ukibanduka sana au ukiwaka, pumzika siku tatu na urudi taratibu, kwa sababu adapalini iliyoharakishwa hutengeneza madoa mapya. Mjamzito, au anayepanga kushika mimba, asiiguse. Usiku wa adapalini usipake azelaiki mpaka ngozi izoee.

Kwa hiyo ratiba ya mtu aliyefika mwezi wa tatu ni hii: asubuhi kuosha, azelaiki au niasinamidi, losheni, sanskrini. Jioni kuosha, dawa ya usiku huo, losheni. Mambo hayazidi hapo. Akinijia na sirimu saba za mtandaoni humwambia achague mbili.

Piga picha kila mwezi, dirisha lilelile. Madoa ya juu huanza kupungua wiki ya 8 hadi 12, na kwisha kwake huweza kuchukua miezi 6 hadi 12. Ya kijivu huchukua zaidi, mengine miaka, na baadhi hayaondoki yote. Anayekuahidi siku saba ama anauza steroidi ama anauza uongo, na mara nyingi ni vyote viwili.

Hatua ya sita: ukifika kwa daktari wa ngozi

Nenda kama miezi mitatu ya kufuata haya haijabadilisha kitu, kama ni melasma nzito, kama una okronosisi, au kama umekwama kwenye steroidi. Madaktari wa ngozi ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, lakini huhitaji kupanda basi mara moja. Kuna maafisa wa kliniki waliosomea ngozi, na wanaona wagonjwa kama hawa kila wiki. Kisumu, anzia kituo cha karibu uombe rufaa ya hospitali ya Jaramogi, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Walio upande wa Eldoret wana hospitali ya rufaa ya Moi.

Huko unaweza kuandikiwa haidrokwinoni. Ndiyo, ileile. Asilimia 4 kwenye madoa, kwa miezi 3 au 4, chini ya macho ya daktari, kisha kupumzika, ni dawa. Miaka mitano kutoka kopo la sokoni, uso mzima na shingo, ni okronosisi. Wakati mwingine huchanganywa na tretinoini, dawa ya jamii moja na adapalini, na steroidi nyepesi kwa muda mfupi. Kwa melasma kuna vidonge vya asidi traneksamiki, ambavyo huweza kugandisha damu kwa wenye hatari hiyo, kwa hiyo usivinunue kwa ushauri wa video.

Leza na asidi za kubandua ngozi zinazouzwa saluni ziogope. Kwenye ngozi nyeusi, mkono usiojua huacha mabaka ya kuungua yaliyo mabaya kuliko doa uliloenda nalo. Muulize anayekutibu ni nyuso ngapi nyeusi kama yako amezitibu, na akuonyeshe picha.

Madoa yakishafifia, azelaiki inaweza kubaki usiku 2 kwa wiki. Sanskrini na kofia hazipunguzwi, hasa kwa mwenye melasma.

Na ukija kemisti, yangu au ya mtu mwingine, huhitaji kununua Panadol kwanza. Beba kopo lenyewe unalopaka, hata likiwa tupu, hata lebo ikiwa imechanika. Lifunge kwenye mfuko mweusi kama unaona haya. Nitalisoma kule nyuma, na sitakuuliza aliyekuuzia.